Nilivyofuturisha Majirani Jua Likiwa Juu

Jamaa wa grupu, heshima yangu imeisha leo. Yote. Hata ile nilikuwa nimeweka ya Idi.

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani, shuka kichwani. Isha bado haijaadhiniwa. (Nimehakikisha. Nimefungua pazia nikaangalia. Mara tatu.) Kama kuna mtu anajua kazi ya kuchunga ngamia mahali mbali, au hata ng'ombe kule Kotile, aniambie. Naenda leo. Chakula wanipe tu wakati wa chakula.

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa rafiki yangu Gedi. Gedi akisimulia ataweka na mambo ambayo hayakuwako, na yale yaliyokuwako yanatosha.

Mnamjua mama mkwe wangu, Mama Dahabo. Sisi Wasomali tunamwita soddoh, na soddoh si mtu wa kuchezea. Ukikaa mbele yake unaangalia zulia. Mimi zulia la nyumba yangu nalijua uzi kwa uzi.

Huyu mama anaishi Tarbaj, huko Wajir, peke yake. Mguu unamsumbua. Mke wangu Halima kila siku analia na simu: "Hooyo yangu akianguka, nani atamwinua?" Tumemwomba ahamie kwetu hapa Garissa. Tumeomba miaka. Jibu lake ni moja tu: "Garissa nifanye nini? Niangalie ukuta?" Akija, siku ya nne anauliza gari la Wajir linaondoka saa ngapi.

Ramadhani hii kaja kukaa wiki mbili. Nikasema wallahi huyu mama harudi. Anataka ukuta wa kuangalia? Nitampa ukuta ambao hajawahi kuona!

Nikaweka faiba.

Sasa sikizeni maoni yangu kidogo, hata kama leo sina haki ya kutoa maoni. Watu wanasema intaneti imeharibu nyumba. Mimi nakataa. Nyinyi mnakumbuka zamani? TV ilikuwa moja, pale hoteli karibu na soko la mifugo. Watu sitini, chai kumi. Kijana mmoja anapandishwa juu ya mabati kushika antena. Chini wanauliza, "Imekuja?" Halafu wanapiga kelele, "Imekuja! Usiguse! Kaa hivyo hivyo!" Anakaa hivyo hivyo mpaka mpira uishe. (Huyo kijana nilikuwa mimi. Utoto wangu wote sijaona goli hata moja. Nilikuwa nayasikia kwa miguu, mabati yakitetemeka.)

Halafu ikaja dishi. Halafu wakaja wale Waturuki wa tamthilia, wanaoongea Kisomali safi kuliko mimi. Mama zetu wakawa wanajua mambo ya Waturuki kuliko mambo ya jirani, na hiyo ilileta amani kubwa sana mtaani.

Kilichoharibu ni bando. Kila mtu na simu yake, kila mtu na kona yake. Nyumba ya watu saba, kimya kama ofisi ya chifu. Unamwita mtoto chakula, anakuja na jicho moja. Lakini faiba na skrini kubwa inarudisha watu kwa zulia moja! Ukiona familia nzima inagombana juu ya Mturuki mmoja mwenye ndevu, hiyo ni nyumba. Hiyo ndiyo maoni yangu, na hata baada ya leo sijabadilisha. Nimebadilisha mambo mengine.

Basi fundi akaja, akatoboa ukuta, akaweka waya, akatundika TV kubwa. Siku ya kwanza soddoh akaipa TV mgongo. Siku ya pili akageuka nusu, akasema ni kwa sababu ya upepo. Siku ya tatu, baada ya kufuturu, nikasikia sauti kutoka kwa mto anaoegemea:

"Huyu mwanamke asimwamini yule mwenye ndevu."

Halima akanifinya.

Siku ya tano tukampigia mtoto wake wa kiume aliye Mandera, sura yake ikaja hapo ukutani, kubwa kama mlango. Mama akasimama, na mguu wake mbaya, akapanga shungi vizuri, akamgusa mtoto wake shavu kwa kioo. Akamwambia, "Umekonda." (Kioo mpaka sasa kiko na alama za vidole. Halima amekataa nipanguse.)

Na jana, jamaa, jana akamuuliza Halima, "Hii waya, Idi ikiisha watakuja kuichukua?" Halima akamwambia haichukuliwi, ni ya nyumba. Mama akasema tu, "Haya." Lakini hiyo haya! Nilijua imebaki kidogo tu. Siku moja nzuri zaidi, na begi lake linaingia kabatini.

Siku moja nzuri zaidi. Nikachagua leo.

Kawaida tunafuturu kwa adhana ya msikiti wetu. Muadhini ni Maalim Yunis, mzee wa watu, Mungu amhifadhi, lakini kabla aadhini lazima kwanza akohoe. Halafu apulize spika, fuu, fuu. Halafu agonge. Halafu aseme hallo. Mtu wa saumu anasikia kila hatua, mkono uko juu ya tende. Nikasema leo soddoh wangu atafuturu kwa adhana ya skrini. Sauti tamu, picha safi, sabufa niliyoazima kwa Gedi. Gedi nikamwalika pia, kwa sababu sabufa yake haiendi mahali bila yeye.

Nikatafuta chaneli ya Kisomali, ya moja kwa moja, inasoma Kurani mpaka Magharibi. Nikaipata. Inatoka Mogadishu. (Imeandikwa pale kwa kona, M-o-g-a. Niliona. Kusoma si shida yangu. Shule niliacha darasa la saba. Mwalimu wa jiografia alianza, "Jua linatoka mashariki," na mimi siku hiyo nikatoka pia, nikaenda na ngamia wa abti, mjomba wangu. Sikuwahi kujua alimalizaje.)

Mambo mengine mjue ili msinihukumu sana. Saa ya ukuta ilikuwa imesimama, kwa sababu betri yake niliitoa mchana nikaweka kwa rimoti. Na mapazia yetu mnayajua, yale mazito ya Halima yanayofika mpaka chini, nilikuwa nimeyafunga yote ili picha ionekane vizuri. Ndani ilikuwa giza, baridi, TV inang'aa. Ilikuwa Magharibi kabisa. Kwa nyumba yangu.

Tukakaa. Tende iko. Sambusa iko. Maziwa ya ngamia iko, tikiti limekatwa. Soddoh kwa mto wake, Halima kando yake, mimi na Gedi karibu na mlango.

"ALLAHU AKBAR!"

Sabufa ikagonga mpaka vijiko vikacheza kwa sahani. Subhanallah, sauti! Nikamwangalia soddoh kwa kona ya jicho. Ametabasamu!

Halima akaangalia simu yake. "Bishar, ni saa kumi na mbili na dakika nane. Jana tulifungua na nusu."

Hapa ndipo mtu mwenye akili angenyamaza.

"Hiyo simu yako ni ya bando," nikasema. "Hii ni faiba. Faiba inafika mbele."

"Inafika mbele ya jua?"

Gedi tayari alikuwa na tende mbili mdomoni. "Halima walaal," akasema kwa shida, "usibishane na adhana."

Nani atabishana na hiyo? Halima akaweka simu chini. Lakini soddoh hakugusa kitu. Akaniangalia mimi. Moja kwa moja! Sijawahi kuangaliwa na huyu mama hivyo tangu nimeoa.

"Bishar. Uko na hakika?"

"Hooyo," nikasema, na kifua kimejaa, "hiyo ni laivu."

Akachukua tende. Akasema bismillahi. Akala.

Jamaa, ningeishia hapo ingekuwa siri ya watu wanne. Lakini mimi nikiwa na furaha nataka watu wote wafurahi. Kuna dirisha letu moja linaangalia ukuta wa jirani yangu Kassim, dereva wa lori. Hapo kati ni uchochoro, jua halifiki hata saa sita. Nikaingiza kichwa nyuma ya pazia, nikafungua dirisha, nikapandisha sauti.

"Kassim! Unasikia? Fungueni, wewe!"

Kassim akajibu kutoka ndani kwake, "Mbona Maalim Yunis hajaadhini?"

"Yule mzee bado anatafuta swichi! Hii ni faiba, ndugu yangu. Yeye atatukuta kwa chai!"

Nikasikia Kassim anacheka. Nikasikia glasi. Nikasikia watoto wake. Na nyumba ya nyuma yake, mama mmoja akauliza, "Wameadhini?" na Kassim, kwa roho safi, akamwambia, "Wameadhini zamani!"

Tukala. Wallahi tulikula vizuri. Gedi alikula sambusa saba, nilikuwa nahesabu kwa sababu ya nane ilikuwa yangu. Soddoh akanywa maziwa, akasema maziwa ya Garissa si mabaya. Hiyo kwa mtu wa Tarbaj ni kama kukubali kuolewa. Halafu akaingia chumba cha ndani kuswali. Mimi na Gedi tukavaa kofia, twende msikitini tuwahi swala ya jamaa. Gedi akachukua na kijiti cha meno.

Nikafungua mlango.

Jua likanipiga usoni.

Si mwanga. Jua! Lenyewe, zima, mviringo, la rangi ya embe, limekaa juu ya nyumba za ng'ambo kama halina safari leo. Nikafunga mlango. Nikafungua tena. Liko.

"Gedi," nikasema.

"Mm," akasema Gedi, kijiti mdomoni.

"Hiyo ni nini?"

Gedi akaangalia muda mrefu. "Labda ni mwezi," akasema.

Tungerudi ndani. Lakini miguu ilikuwa imeshatoka, na barabarani watu wameshatuona. Na hao watu, jamaa! Mama wa sambusa bado anakaanga, wateja wamepanga mstari. Wanaume wamekaa kando ya ukuta, macho yameingia ndani, midomo imekauka kama barabara ya Modogashe. Hakuna anayetafuna. Bulla nzima, mtaa wote, hakuna mtu anatafuna. Ni Gedi peke yake anachokoa meno.

Na pale kwa ngazi ya msikiti, na birika lake la udhu, amekaa Maalim Yunis. Hatafuti swichi. Anangoja jua, kama watu wengine wa Garissa.

"Warya Bishar," akaniita. "Njoo hapa. Mdomo yako inang'aa nini?"

"Ni mafuta, Maalim. Ya ngozi."

"Mafuta ya ngozi iko na vitunguu?"

Nikashika ndevu. Kweli, kitunguu.

"Na wewe Gedi. Hiyo ni mswaki?"

Gedi akatoa kijiti, akakiangalia kama amewekewa na adui. Halafu huyo rafiki yangu, tumekula naye miaka ishirini, tumekula naye dakika kumi zilizopita, akanyoosha kidole.

"Ni yeye! Ni TV yake! Ameadhini na sabufa!"

"Sabufa ni yako!" nikasema.

"Adhana ilikuwa yako!"

Maalim akainua mkono. Akauliza pole pole, "Hiyo TV inaadhini ya wapi?"

"Mogadishu," nikasema. Na nikisema tu, nikajisikia.

Maalim akafunga macho. "Mogadishu iko wapi, Bishar?"

"Huko." Nikanyoosha mkono.

"Huko ni upande gani?"

"Mashariki."

"Na jua inaenda wapi?"

Nikaonyesha upande ule mwingine. Jua lenyewe likanisaidia, liko pale.

"Basi huko kwao imeshazama," akasema Maalim, "na hapa bado. Kila siku ni hivyo. Tangu dunia iumbwe ni hivyo." (Kumbe hivyo ndivyo mwalimu wa jiografia alivyomaliza.) "Ni nyumba ngapi imekula?"

"Yangu."

"Moja?"

"Na ya Kassim."

Kutoka kwa mstari wa sambusa mtoto akasema kwa nguvu, "Na sisi pia! Hooyo amesema Kassim amesema!"

Nikafikiri Maalim atanipiga na birika. Afadhali angenipiga. Akasimama, akaingia msikitini. Halafu nikasikia kikohozi. Halafu fuu, fuu. Akagonga. Akasema hallo.

"Maalim, usi..." nikasema. Nimechelewa.

Spika nne, jamaa. Zinafika mpaka mtoni. Na hazikatiki kama simu yangu.

"TANGAZO. Watu waliofungua na televisheni ya Bishar. Bishar ya mlango ya bluu. Waache chakula sasa hivi. Jua bado iko. Ile adhana ni ya Mogadishu, sisi tuko Garissa. Muzuie mpaka musikie mimi. Na baada ya Idi mulipe hii siku. Swala pia murudie. Bishar ya mlango ya bluu."

Hiyo ilikuwa kwa Kisomali, mimi nimewatafsiria. Nikafikiri imeisha. Akarudia yote kwa Kiswahili, ili walimu na askari waliotoka bara nao wasipitwe.

Barabara nzima ikacheka. Watu wenye njaa, midomo imekauka, wanacheka wameshika ukuta! Mama wa sambusa akaniuliza kama nataka anifungie za Mogadishu. Kassim akatoka mlangoni na glasi mkononi, shavu limejaa, hajui ameze au ateme. Akaniangalia. Akatema.

Lakini mimi sikuwa nasikia hayo. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja. Soddoh. Yuko kwa mswala, chumba cha ndani, na dirisha la hicho chumba linaangalia msikiti.

Nikakimbia.

Halima nimemkuta jikoni, kanga mdomoni, machozi yanatoka, anacheka bila sauti. Hakuweza hata kunigombeza. Akaonyesha tu kwa kidole: huko, nenda.

Soddoh amekaa kwa mswala. Tasbihi haitembei. Pazia amelifungua mwenyewe, na jua lote liko ndani, limemkalia mapajani. Mimi nikakaa mlangoni, macho kwa zulia.

"Bishar."

"Naam, Hooyo."

"Nimefunga mwaka wa ukame. Nimefunga tukihama, mtoto mgongoni, maji hakuna. Sijawahi kula jua likiniangalia. Leo nimekula sambusa tatu."

"Naam, Hooyo."

"Na nilikuuliza."

Hilo ndilo liliniua. Si spika, si mama wa sambusa. Aliniuliza, kweli. Angekula kwa sababu ya njaa ningesamehewa. Alikula kwa sababu mimi nilisema.

Akageukia dirisha. "Huko Mogadishu, jua limetua kweli?"

"Limetua, Hooyo."

"Kwa hivyo yule muadhini hakudanganya."

"Hakudanganya."

"Na ile waya haikudanganya."

"Haikudanganya. Ilileta vile ilivyopewa."

"Basi ni nani?"

Zulia letu liko na ua moja jekundu karibu na mlango. Nililiangalia hilo ua. "Ni mimi, Hooyo."

"Halima!" akaita. "Leta begi yangu."

Halima akaja na begi, macho mekundu, na sasa si ya kucheka tena. Aliliweka chini kama anaweka mtoto. Mimi moyo ulishuka mpaka kwa ndala. Nikaanza kusema, "Hooyo, nisamehe, gari la Wajir leo halipo," na sijui kama lilikuwako au halikuwako, ilikuwa tu maneno.

Mama akafungua zipu. Akatoa dera moja. Akatoa ya pili. Akatoa mashungi, akatoa dawa ya mguu, akatoa mpaka begi likalala. Akamsukumia Halima zile nguo zote.

"Weka kabatini," akasema. "Siku ya leo tutailipa baada ya Idi. Tutailipa hapa, sote pamoja, na Kassim na watoto wake, na yule mwenye kijiti. Na jua nitaliangalia mimi, kwa macho yangu." Akanigeukia. "Mbuzi zangu nitampigia mtoto wa ndugu yangu abaki nazo. Mimi nilifikiri mtu wa kuangaliwa ni mimi mwenye mguu mbaya. Kumbe binti yangu anaishi na huyu!"

Halima akamwangukia mama yake shingoni, akilia na kucheka pamoja. Mimi nikabaki kwa ua jekundu. Nilitaka kulia pia lakini nilikuwa nimeshiba sana.

Halafu Maalim Yunis akakohoa. Fuu, fuu. Hallo. Na akaadhini, ile yenyewe. Soddoh akaangalia nje kwanza. Akaangalia vizuri. Ndipo akachukua tende, akaikata nusu, na ile nusu nyingine akaninyooshea mimi.

Nimeila. Halafu nikaja kujificha hapa, kwa sababu nje watu bado wanapita wakionyeshana mlango wa bluu.

Somo langu ni fupi: kabla uamini skrini, fungua pazia.

Nawaomba msinicheke, mwezi ni mtukufu. Na wewe Gedi, naona hapo juu imeonyesha kwamba unaandika. Fikiria vizuri kabla hujatuma. Hiyo intaneti unayotumia sasa hivi ni yangu.